Nyumba iyafuate magoti ya bibi

Pembeni mwa mlango wa nyumba ya bibi yangu, upande wa kulia unapotoka, pana baka jeusi linalong'aa kama ngozi ya ngoma iliyopigwa sana. Limekaa usawa wa kiuno changu. Kwa miaka mingi nilidhani ni masizi. Kisha asubuhi moja, nikiwa nimekaa uani nikisubiri uji, nikamwona akitoka. Alisimama nyuma ya kizingiti, akapapasa ukuta, kiganja kikatua palepale penye baka, akaegemea, akavuta pumzi, ndipo akavusha mguu wa kwanza. Akatulia. Akavusha wa pili. Ukuta ule ulikuwa umeng'arishwa na mkono wake, asubuhi baada ya asubuhi, tangu magoti yalipoanza kumsumbua.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Umeamka salama?" akajibu, kana kwamba kuuvuka mlango wake mwenyewe hakukumgharimu kitu.

Kijiji chake kiko upande wa Tinde, mkoani Shinyanga. Amepita miaka 80 na anaishi na vitukuu wawili ambao baba yao yuko machimboni Geita. Mume wake amezikwa nyuma ya zizi. Kila mara tunapomwomba ahamie mjini kwa mmoja wetu, jibu lake ni lilelile: "Mimi kwangu ni hapa." Sisi wanawe na wajukuu tukabaki kupigiana simu tukibishana nani amchukue, zamu ya nani, nani ana chumba. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba tulikuwa tunajibu swali ambalo yeye hakuuliza. Hakuhitaji mtu wa kumchukua. Alihitaji nyumba ambayo magoti yake yangeiweza.

Jambo hili si la familia yangu peke yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania takriban milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote, na wengi wao wako vijijini. Sensa ya 2022 ilikuta Mkoa wa Geita una watu karibu milioni 3 na Shinyanga zaidi ya milioni 2.2. Katika ukanda huu wa dhahabu na almasi, vijana hufuata machimbo: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Katoro, Kahama. Anayebaki kulinda mji, kulea watoto na kuwasha moto jioni ni bibi au babu. Nyumba anamobaki ilijengwa na mtu mwenye nguvu, kwa ajili ya mtu mwenye nguvu.

Moshi uliogeuzwa ushahidi

Usukumani, habari ya nyumba ya mzee haiwezi kuanza na ngazi wala choo. Inaanza jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kulikozaa msiba mkubwa.

Mwanamke aliyepika miaka 50 juu ya mafiga matatu, katika jiko lisilo na dirisha, huzeeka na macho mekundu. Moshi huwasha, macho hutiririsha machozi, mkono wenye majivu huyafikicha, na kesho yake mambo ni yaleyale. Shinyanga ilikuwa na sababu ya ziada. Wakati wa ukoloni mapori yalifyekwa kupambana na mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na miti ikatoweka. Kuni zilipoadimika, akina mama wakapikia mabua, miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, vitu ambavyo hutoa moshi mzito kuliko moto. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe ili nyasi na miti irudi. Katika miongo miwili iliyofuata, ngitili zilienea zaidi ya hekta 300,000 katika mamia ya vijiji, na safari ya kutafuta kuni ikafupika. Lakini macho yaliyokwisha kuungua hayakurudi kuwa meupe.

Macho hayo ndiyo yaliyofanywa ushahidi wa uchawi. Mtoto akifa ghafla, ng'ombe wakianguka au mvua ikikata, mpiga ramli chonganishi hakosi pa kuelekeza kidole: kwa mama mzee, mjane, mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji. Simeon Mesaki, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetumia miaka mingi kulichunguza jambo hili, ameandika juu ya takwimu za serikali zinazoonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa imani za uchawi. Kati yao 2,286 walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukumani. Mesaki alionyesha pia kwamba kuhamishiwa katika vijiji vya pamoja miaka ya 1970 kuliwakusanya mahali pamoja watu waliozoea kuishi kwa nafasi, kaya zikiwa mbali na mbali, na kukazidisha kutoaminiana.

Serikali imewahi kuwazuia waganga, mwaka 2009 na tena 2015. Lakini kazi iliyonigusa zaidi ilifanyika wilayani Magu, jirani zetu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Shirika la HelpAge International na taasisi ya wenyeji iitwayo Maperece waliwaendea wanawake wazee walio hatarini. Waliwafundisha wanavijiji kutengeneza majiko banifu, wakasaidia kujenga na kukarabati nyumba, wakawaandaa wasaidizi wa sheria, wakatumia ngoma na maigizo kusema wazi kwamba jicho jekundu ni jicho lililoungua. Kwa taarifa za waliouendesha mradi, mauaji yalipungua sana katika vijiji hivyo. Walitambua jambo ambalo wataalamu wengi wa majengo hawakulifikiria: kwamba dohani inaweza kumlinda mama mzee dhidi ya panga.

Jiko lenyewe halina ufundi wa ajabu. Udongo wa kichuguu unatwangwa, unachanganywa na nyasi zilizokatwakatwa na maji, unafinyangwa kuzunguka vyungu anavyotumia mwenye nyumba, kisha unaachwa ukauke taratibu usije ukapasuka. Mdomo wa kuni unakuwa mdogo, na nyuma panatoka dohani inayopeleka moshi nje. Kwa mzee kuna jambo la kuongeza: jiko linyanyuliwe juu ya kitako cha matofali hadi karibu na kiuno. Mafiga ya chini humlazimisha bibi kuinama kwa saa nzima, akivuta moshi na kuumiza mgongo kwa pamoja. Akipika amesimama, au amekaa kwenye stuli, mapafu na mgongo hupumzika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Ni lengo jema, na wazee wasisahaulike ndani yake. Mtungi wa gesi ni mzito kwa mikono yenye baridi yabisi, vali yake ni ngumu, na pua ya mzee huchelewa kunusa gesi inayovuja. Anayempelekea mama yake jiko la gesi amfungie mwenyewe, amfundishe kuzima, aache dirisha wazi, na jiko banifu la udongo libaki mahali pake kwa siku ambazo gesi imekwisha na mjini ni mbali.

Nyumba njema si mlango

Mjomba wangu alipopata mali Rwamgasa, jambo la kwanza alilofanya ni kumjengea mama yake nyumba. Lazima niseme hili kwa heshima, kwa sababu wapo waliopata mali wakaimalizia Katoro bila kukumbuka njia ya nyumbani. Yeye alikumbuka. Akaleta bati la rangi, madirisha ya vioo, msingi mrefu wa mawe na ngazi nne za kupanda barazani. Ndani akapiga marumaru nyeupe zinazoakisi taa. Kijiji kizima kilikuja kuishangaa.

Bibi alilala humo wiki tatu, kisha akarudi kwenye nyumba yake ya udongo. Katika nyumba mpya akaweka mahindi na mbegu za dengu. Mjomba aliumia. Alidhani mama ameidharau zawadi yake. Siku nilipomuuliza bibi tukiwa wawili, alijibu taratibu, macho yakiwa kwenye ungo wa choroko: "Nyumba ni nzuri sana, baba. Lakini inataka mtu mwenye magoti."

Nikaenda kuitazama upya. Ngazi nne, hazina kishikio upande wowote, na kila moja ina kimo tofauti na mwenzake kwa sababu fundi alikuwa akifidia mteremko wa kiwanja. Marumaru zikilowa kidogo ni utelezi mtupu. Choo cha ndani ni cha kuchuchumaa, katika chumba chembamba ambamo hakuna pa kushika. Swichi ya taa iko nyuma ya mlango. Nje hakuna kivuli cha kukalia, na kutoka sebuleni humwoni mpita njia. Nyumba ile ilijengwa kwa mapenzi makubwa, ila hakuna aliyemwomba bibi asimame katikati ya msingi kabla ya kuta kupanda, aseme anaamkaje na anaelekea wapi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ningewaambia vijana wote wa machimboni wanaotuma fedha nyumbani: kabla hujanunua bati, kaa siku mbili na mama yako bila kufanya kitu. Mtazame anapoinuka kitandani, anapokwenda chooni, anapochota maji, anapofunga mlango usiku. Hesabu mahali anaposhika. Hiyo ndiyo ramani ya nyumba yake, na ni mkono wake ulioichora.

Hatua 37 za usiku

Kutoka mlango wa bibi hadi choo cha shimo ni hatua zangu 37. Za kwake ni nyingi zaidi. Njia inapita kando ya zizi, inavuka mfereji mdogo wa maji ya mvua, inazunguka mti wa mwembe ambao mizizi yake imetokeza juu ya ardhi. Mchana si kitu. Saa nane za usiku, mwezi ukiwa haupo, mzee mwenye mtoto wa jicho anakwenda huko akitegemea kumbukumbu ya nyayo zake.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wazee ndio wanaoongoza. Kwetu kuanguka hakuitwi ugonjwa. Tunasema "bibi aliteleza". Baada ya kuteleza nyonga huvunjika, safari ya hospitali ya Bugando hucheleweshwa na nauli, kitanda hugeuka kuwa dunia nzima, na mtu aliyekuwa akipalilia mwezi uliopita hainuki tena. Wengine, kwa kuogopa hatua hizo za usiku, huacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni. Tunashangaa kwa nini wanazimia.

Kampeni ya "Nyumba ni Choo" iliyoanza mwaka 2017 ilisaidia kaya nyingi kujenga vyoo bora. Kwa mzee choo bora ni kile anachoweza kukaa na kuinuka bila kuita mtu. Tulichofanya kwa bibi ni hiki. Seremala wa kijijini alichukua kiti imara cha mbao, akakitoboa katikati, akakiwekea miguu mipana isiyoyumba juu ya sakafu ya choo. Kimo chake ni sentimita 45 hivi, usawa wa kiti cha kawaida, ili magoti yasikunjwe kupita kiasi. Kulia na kushoto tulichimbia nguzo na kuziunganisha na fito laini zilizoparuzwa magome, za kushika anapoinuka. Kibuyu chirizi kikahamishwa kutoka chini kuja usawa wa mkono. Mfereji ukafunikwa kwa bamba la zege. Mizizi ya mwembe hatukuikata, njia ndiyo iliyopindishwa. Na kutoka mlangoni hadi chooni tukafunga kamba ya katani juu ya vigingi, usawa wa kiuno chake, ili mkono uongoze pale macho yanaposhindwa.

Usiku wa kwanza alikwenda na kurudi bila kumwamsha kitukuu. Asubuhi hakusema asante. Alisema, "Leo mtoto amelala."

Ndani: sakafu, mwanga, kitanda, mlango

Anayetaka kuirekebisha nyumba ya mzee asianze na rangi. Aanze na mahali mguu unapotua.

Sakafu ya udongo, hasa katika mbuga nyeusi za Shinyanga, haitulii. Udongo ule huvimba masika na kupasuka kiangazi, kuta hufuata, na katikati ya chumba hutokea bonde ambalo kila mtu analijua isipokuwa kidole cha mguu wa mzee. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa ufagio kabla haijakauka, ili iwe na mikwaruzo, ni salama kuliko iliyong'arishwa. Kizingiti kikiwezekana kiondolewe. Kisipoondoka, pajengwe mteremko, na kanuni yake ni rahisi kukumbuka: kwa kila sentimita moja ya kimo, sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi akikwambia nusu mita inatosha, mwambie aupande yeye kwanza akiwa na ndoo kichwani. Pale ngazi zinapobaki, ukingo wa kila moja upakwe chokaa ili macho yauone.

Mwanga ndio dawa ya bei ndogo kuliko zote. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20. Taa tunayoiona sisi inatosha, kwake ni giza la jioni. Umeme wa vijijini umefika sehemu nyingi kwa malipo ya shilingi 27,000 ya kuunganishwa, lakini mara nyingi taa moja huwekwa sebuleni kwa ajili ya wageni. Taa ya kwanza iwe chumbani kwa mzee na swichi yake aifikie akiwa bado amelala. Ya pili iwe njiani kuelekea chooni. Penye sola, hali ni hiyohiyo.

Kitanda kikiwa chini sana, kiinuliwe juu ya matofali yaliyojengewa, yasiyoteleza, mpaka miguu ikanyage chini huku magoti yakiwa yamekunjwa sawasawa. Maji yawekwe katika madumu ya lita 5 badala ya ndoo ya lita 20. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanakuja Shinyanga na Kahama kwa bomba, na kwa kaya nyingi kisima cha mbali kimekuwa historia. Lakini bomba likiwa hatua 200 na ndoo ikiwa lita 20, kwa bibi bado ni mbali.

Mlango una mtihani wake. Katika ukanda wetu mlango wa mzee lazima uwe imara, kwa sababu waliouawa wengi walifuatwa usiku. Wakati huohuo mlango usiofunguka upesi humfungia mgonjwa ndani. Tuliweka komeo la ndani linalosukumwa kwa kiganja, lisilohitaji vidole vyenye nguvu, na filimbi ikaning'inizwa kichwani pa kitanda. Sungusungu walioanzia pande hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijenga ulinzi wao juu ya sauti: filimbi ikilia, kila mwenye miguu hutoka. Majirani wa bibi wamekubaliana kwamba filimbi yake ikilia, hakuna wa kuuliza kwanza.

Kwa wanaoishi jirani na machimbo yapo mawili ya kuongeza. Mashimo yaliyoachwa wazi kando ya njia na nyuma ya nyumba yafukiwe au yazungushiwe uzio. Na zebaki isichomwe jikoni. Kijana anayechoma dhahabu yake juu ya jiko la mama yake humjazia mvuke wa sumu katika chumba anacholala. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na utekelezaji wake unaanza kwa kijana mmoja kuamua kuipeleka kazi hiyo mbali na nyumba.

Kujitegemea si kuachwa

Tunaposema mzee aishi kwa kujitegemea, wengine husikia aachwe. Katika kaya ya Kisukuma ya zamani, nyumba zilizunguka ua mmoja, uzio wa minyaa ukizunguka zote, na wazee walikuwa na nyumba yao ndani ya duara hilo. Walikuwa na moto wao, na macho ya watu yalikuwa juu yao mchana kutwa. Vijana wa kijiji, chini ya viongozi wao, basumba batale, waliitana kulima na kujenga pamoja. Hakuna aliyeona ajabu kusimamisha nyumba ya mjane kwa siku moja.

Duara hilo limevunjika, lakini sehemu yake inaweza kujengwa upya kwa matofali machache. Nyumba ya mzee iwe na baraza lenye kivuli linalotazama njia. Mzee anayeonekana akichambua choroko barazani, akisalimiwa na kila mpita njia, ni mtu wa kijiji. Mzee aliyefichwa nyuma, katika chumba kisicho na dirisha, hugeuka fumbo, na fumbo hupewa maana na wapiga ramli. Dirisha na baraza ni ulinzi sawa na komeo.

Na nyumba iwe yake. Tuhuma nyingi za uchawi, ukizifukua, chini yake unakuta shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake. Familia inayomjengea mama choo cha kukaa bila kuhakikisha kwamba kiwanja hakina mgogoro, imejenga nusu.

Dhahabu ifike hadi sakafuni

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mahali pa mzee ni katika familia na jamii yake, na kwamba makazi ya kutunzia wazee yawe suluhisho la mwisho. Yapo makazi ya serikali Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwa wale wasio na mtu. Ni sera yenye utu. Lakini ukisema mahali pa mzee ni nyumbani, ni lazima pia useme nani atatengeneza nyumba hiyo.

Wenzetu wamelijibu swali hilo. Japani, tangu ilipoanzisha bima ya matunzo ya wazee mwaka 2000, hulipia vishikio vya ukutani, kuondoa vizingiti na kubadili choo cha kuchuchumaa kuwa cha kukaa, ikibeba sehemu kubwa ya gharama isiyozidi yeni 200,000. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya mwezi, wakati huo shilingi 20,000, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kiasi hicho si kikubwa, lakini mifuko ya saruji hununuliwa hivyo, mmoja baada ya mwingine.

Huku kwetu fedha haiko mbali. Geita ilifungua soko la dhahabu mwaka 2019, na mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanayataka makampuni ya migodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati, na tunashukuru. Naomba sasa, katika orodha hiyo, paandikwe mstari mmoja: ukarabati wa nyumba za wazee. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo kwa jina. Lakini kikundi cha vijana maseremala na waashi kikikopeshwa ili kitengeneze viti vya choo, vishikio na majiko banifu, fedha ya kijana itakuwa imemfikia mzee kwa njia ya haki kabisa. Mabaraza ya wazee ya vijiji yanajua nyumba zipi zianze. Yanachosubiri ni kuulizwa.

Na tusisubiri halmashauri kwa yale tunayoyaweza. Kazi yote ya nyumba ya bibi ilichukua siku tano. Mjomba alikuja kutoka Rwamgasa, akavua viatu, akakanyaga udongo wa kichuguu pamoja na sisi. Siku ya mwisho alibeba mashine ya kutobolea na kishikio cha chuma kilichopakwa rangi ili kisishike kutu. Alitaka kukifunga upande wa kushoto wa mlango, ambako ubao wa fremu ni imara zaidi.

Bibi alikuwa amekaa barazani. Hakuinua sauti. "Hapana, mwanangu," alisema. "Mkono wangu unajua upande wa kulia."

Mjomba akaligusa lile baka linalong'aa, akaliangalia kwa muda. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona. Kisha akaimarisha ukuta kwa ubao, akafunga kishikio papo hapo juu ya alama ya kiganja cha mama yake, akakivuta kwa uzito wake wote kuona kama kitahimili. Kikahimili. Sasa ameanza kubomoa ngazi za ile nyumba ya marumaru ili ajenge mteremko. Amesema safari hii hataweka jiwe la kwanza mpaka mama aje asimame kiwanjani.